Mwalimu asigeuke msomaji wa slaidi

Wahenga walinena kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Kwa hivyo siombi pole ya yeyote ninapokiri hapa kwamba kwa muda mrefu nilidhani ninafundisha Jiografia, kumbe nilikuwa nikisoma tu maandishi ukutani.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifunza Kidato cha Pili katika shule moja ya Lanet, viungani mwa mji wa Nakuru. Siku hiyo somo lilikuwa volkeno. Nilikuwa nimekesha nikitayarisha slaidi 32 kwa programu ya PowerPoint, zenye rangi za kuvutia na maneno yaliyoingia yakirukaruka. Picha ya kaldera niliyoitumia ilitoka Marekani. Wanafunzi walinakili kimya kimya, nami nikaufasiri ukimya huo kuwa utulivu wa watu wanaoelewa.

Tulipofika slaidi ya 11, umeme ulipotea. Projekta ikazimika, nami nikazimika nayo. Baada ya kubabaika kwa muda nilifungua dirisha, nikawaonyesha wanafunzi mteremko wa Menengai, kisha nikashika chaki. Nilichora mlima, na chini yake chumba kilichojaa miamba iliyoyeyuka. Nikafuta sehemu ya chumba hicho kuonyesha kwamba miamba hiyo ilikuwa imetoka kwa mlipuko. Ndipo msichana mmoja wa viti vya nyuma, ambaye hakuwa amefungua kinywa muhula mzima, akauliza: "Mwalimu, kilele kilipoporomoka, mawe yake yalikwenda wapi?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Mawe hayo, kwa sehemu kubwa, hayakurushwa angani. Yalididimia katika uwazi uliobaki chini. Ndiyo maana Menengai, yenye urefu wa kilomita 12 hivi na upana wa kilomita 8, ni shimo pana lililozungukwa na kuta, wala si tundu dogo kileleni. Jibu hilo lilikuwamo katika slaidi ya tisa. Nilikwisha kuisoma kwa sauti, lakini hakuna aliyelisikia.

Kwa nini hawakulisikia? Kwanza, tukumbuke kwamba chombo hiki hakikuzaliwa darasani. PowerPoint iliuzwa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 na kampuni ya Forethought ya Marekani, chini ya uongozi wa Robert Gaskins, na mwaka huo huo Microsoft ikainunua kampuni hiyo kwa dola milioni 14. Ilikusudiwa mikutano ya biashara. Mfanyabiashara hutaka muhtasari. Mwanafunzi huhitaji njia inayomfikisha kwenye muhtasari huo.

Pili, akili ya binadamu ina mipaka. Richard Mayer, mtaalamu wa saikolojia ya elimu katika Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kwamba mtu hujifunza vyema zaidi anapotazama picha huku akisikiliza maelezo, kuliko anapotazama picha, akasikiliza maelezo na kusoma maneno yayo hayo kwa wakati mmoja. Mwalimu anayesoma slaidi zake neno kwa neno humgawa mwanafunzi baina ya jicho na sikio. Chaki, kwa upande wake, huenda polepole. Mkono wa mwalimu unapochora, fikira ya mwanafunzi hupata nafasi ya kuufuata na hata kuutangulia.

Sisemi kwamba tuzitupe projekta. Mpango wa serikali ulioanza kutekelezwa mwaka 2016 ulipeleka tabuleti, vipakatalishi na projekta katika shule za msingi za umma, na mtaala wa umilisi ulioanzishwa nchini kote mwaka 2019 unauhesabu ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa msingi. Zipo pia kazi ambazo chaki haiziwezi. Hakuna ubao utakaoonyesha vali za moyo zikifunguka na kufunga, wala Menengai jinsi inavyoonekana kutoka angani.

Ninachosema ni kwamba slaidi ionyeshe kile ambacho mdomo na chaki vimeshindwa kuonyesha. Ziwe chache. Zibebe picha zaidi ya maneno. Mifano ianzie nyumbani kabla ya kuvuka bahari. Baada ya picha kutazamwa, mwalimu abonyeze herufi B. Skrini itakuwa nyeusi, na macho ya darasa yatamrudia. Kisha aulize, na asubiri jibu.

Nanyi wanafunzi, msiridhike kuondoka na slaidi katika simu au daftari mkadhani mmebeba elimu. Funikeni mlichonakili, mjaribu kumweleza mwenzenu kwa maneno yenu wenyewe. Mkikwama, hapo ndipo penye swali la kumpelekea mwalimu.

Wapo wakuu wa shule wanaompima mwalimu kwa wingi wa slaidi zake. Nawasihi wakae nyuma ya darasa na kuhesabu maswali ya wanafunzi badala yake. Mimi bado natumia PowerPoint. Somo la volkeno sasa lina slaidi nne, na ya kwanza ni picha ya Menengai niliyoipiga mwenyewe. Sitasahau kwamba swali bora nililowahi kuulizwa kuhusu mlima huo lilikuja baada ya umeme kupotea.