Nani Mwenye Gari, na Nani Mtumwa wa Gari?

Jioni za majira ya joto, katika miji midogo ya Sweden, mgeni aweza kudhani kwamba amepotea njia akaingia Marekani ya miaka sitini iliyopita. Barabara kuu hujaa magari marefu na mapana ya Dodge, Chevrolet, Pontiac na Ford, yakifuatana polepole, huku injini zake zikinguruma kwa sauti nzito ya kusikika mitaa mitatu. Mgeni huyo aweza kudhani pia kwamba wenye magari hayo ni mabwana wakubwa. Hapo atakosea. Wengi miongoni mwao ni wachomeleaji wa vyuma, madereva wa malori, wakata magogo na mafundi wa viwandani, watu ambao Jumatatu asubuhi watavaa ovaroli zao na kwenda kazini kama wenzao wote.

Leo twapenda kulizungumza jambo hili. Hatulizungumzi kwa nia ya kumfanya kila mfanyakazi aote ndoto za kumiliki gari la namna hiyo. Twalizungumza kwa sababu ndani yake mna swali linalomhusu kila mtu anayekula kwa jasho lake: mtu akinunua kitu cha thamani, je, ni yeye anayekimiliki kitu hicho, au ni kitu kinachommiliki yeye?

Kwanza na tueleze magari yenyewe. Wamarekani huyaita magari ya misuli, na jina hilo lasema kweli. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilichukua gari la ukubwa wa kati, ikatia ndani yake injini ya gari kubwa, yenye silinda nane na ujazo wa lita 6.4, ikaliita GTO. Vijana walilikimbilia. Makampuni mengine hayakukubali kuachwa nyuma. Dodge ikatoa Charger mwaka 1966, na mtu aliyetaka aliweza kuagiza gari hilo likiwa na injini iitwayo Hemi, ya karibu lita 7, ambayo kiwanda kiliitangaza kuwa na nguvu za farasi 425. Msomaji apate kufahamu ukubwa wa jambo hilo, na akumbuke kwamba Volkswagen ya lita 1.2 iliyokuwa ikiendeshwa Ulaya miaka hiyo ilikuwa na nguvu za farasi 34 tu. Tena magari haya hayakukusudiwa kwa matajiri. Plymouth Road Runner ya mwaka 1968, ambayo ilipunguziwa mapambo makusudi ili bei ishuke, ilianza kuuzwa kwa chini ya dola 3,000. Lilikuwa gari la kijana wa kazi.

Ni nani waliyoyaunda? Hapa magazeti mengi ya magari hunyamaza, nasi hatuwezi kunyamaza. Baadhi ya magari ya Dodge yaliundwa katika kiwanda kikubwa cha Hamtramck, kando ya Detroit, na maelfu ya waliofanya kazi humo walikuwa Waamerika Weusi. Mwezi Mei mwaka 1968 wafanyakazi wa kiwanda hicho waligoma bila ya idhini ya viongozi wa chama chao, kwa sababu mwendo wa mstari wa kazi ulikuwa umeongezwa mno. Mgomo ulipokwisha, adhabu ziliwaangukia Weusi kuliko wengine. Kutokana na dhuluma hiyo wakaanzisha umoja wao wa kimapinduzi, uliojulikana kwa herufi DRUM. Basi mtu anayesifu mbio za Charger ya mwaka ule na asisahau kwamba kabla gari halijamkimbiza mwenye kulinunua, lilimkimbiza kwanza aliyelitengeneza.

Na kila kitu huzaliwa na mazingira yake. Magari haya yalizaliwa katika nchi ya barabara pana zilizonyooka, na wakati ambapo galoni nzima ya petroli, yaani karibu lita 3.8, ilipatikana Marekani kwa senti zipatazo 30. Mambo hayo yalipogeuka, magari nayo hayakuweza kusimama. Kampuni za bima zilipandisha ada kwa vijana, sheria za kuzuia moshi zikakaza kamba, na mwezi Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikazuia mafuta yao. Gari lililokuwa fahari ya kijiji likawa mzigo uani, na lililokuwa mzigo kwa Mmarekani likaonekana bahati kwa Mswidi.

Kwa nini Mswidi? Sababu zake si za miujiza. Sweden haikuingia katika Vita Kuu ya Pili, viwanda vyake havikubomolewa, na baada ya vita mishahara ya wafanyakazi wake ilipanda. Tena ilikuwa na jambo moja la ajabu: mpaka tarehe 3 Septemba 1967 watu wake walikuwa wakiendesha upande wa kushoto wa barabara, lakini magari yao mengi yalikuwa na usukani kushoto vilevile. Kwa hiyo gari la Detroit halikuwa mgeni kwao. Tangu miaka ya 1950 vijana wa kazi, hasa wa mashambani na miji midogo, walinunua magari ya Kimarekani yaliyokwisha kutumika, wakazunguka nayo jioni. Watu wa heshima waliwabeza wakawaita raggare, magazeti yakawalaani, na mwaka 1959 ilitengenezwa sinema juu yao yenye jina hilohilo. Vijana hao hawakukoma. Mwaka 1978 mkutano mkubwa wa magari ya Kimarekani ulianza kufanywa mjini Västerås, ukaja kuwa miongoni mwa mikutano mikubwa kabisa ya namna hiyo duniani.

Lakini tusidanganyike kwa ngurumo na rangi. Kununua ni siku moja, kutunza ni kila siku. Na tumfikirie mfanyakazi wa huko ambaye amejinunulia Charger ya mwaka 1968. Gari lina urefu wa zaidi ya mita 5.2, nalo halitoshi vizuri katika maegesho yaliyopimwa kwa magari ya Ulaya. Injini ya namna ile hunywa lita 20 au zaidi kwa kilomita 100. Akienda matembezi ya kilomita 200 siku ya Jumapili amekwisha kuchoma lita 40, ambapo jirani yake mwenye gari dogo la siku hizi angetumia lita 12. Na petroli ya Ulaya, kwa ajili ya kodi, si petroli ya Marekani kwa bei.

Hayo ni mafuta peke yake. Bolti zake hupimwa kwa inchi, na spana za milimita zilizo sandukuni mwake hazizishiki. Injini ilitengenezwa kwa petroli yenye risasi, ambayo Ulaya imekwisha kuipiga marufuku, kwa hiyo huenda ikambidi abadilishe vikalio vya valvu kwa vya chuma kigumu zaidi. Tangu Agosti 2021 petroli ya kawaida ya Sweden huweza kuchanganywa na spiriti mpaka asilimia 10, na spiriti hiyo hula mipira ya zamani ya mafuta. Basi humlazimu anunue petroli ya bei ya juu zaidi, au abadilishe mipira yote. Breki, ikiwa ni za ngoma magurudumu yote manne, hupata moto upesi na kulegea zinaposimamisha uzito ule mara kwa mara. Na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu hula bodi kama mchwa alavyo mlango. Ndiyo maana Waswidi hupenda kununua magari yaliyotoka California na Arizona, mahali pakavu ambapo kutu haina nguvu. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Sasa msomaji atauliza: mtu wa mshahara ayawezaje yote hayo? Twajibu kwamba huyaweza kwa mambo matatu, na katika hayo hakuna hata moja liitwalo utajiri.

La kwanza ni mikono yake. Injini hizi hazina kompyuta. Zina kabureta, plagi, na nafasi ya kutosha mkono kuingia. Mtu aliyezoea mashine kiwandani aweza kuifungua injini nzima wakati wa baridi na kuirudisha kabla ya majira ya joto, bila ya kumlipa fundi hata senti. La pili ni hesabu. Sheria ya nchi yake husamehe kodi ya mwaka kwa magari yaliyofikisha miaka 30, nayo humruhusu kuliondoa gari katika matumizi wakati wa baridi, lisilipiwe bima ya lazima ya barabarani mpaka litakaporudishwa. Kwa gari la kale liingialo kutoka ng'ambo likiwa katika hali yake ya asili, nchi za Umoja wa Ulaya zina utaratibu wa ushuru ulio nafuu. Mwenye kujua sheria hizi hulipa kidogo. Asiyezijua hulipa yote. Mali bila ya daftari hupotea bila ya habari.

La tatu, nalo ndilo kubwa, ni ushirika. Mwenye gari la namna hii hukaa karibu na chama. Wenzake chamani ndio wenye winchi ya kunyanyulia injini, ndio wajuao ni duka gani la Marekani lauza kipuri fulani, ndio waagizao pamoja ili gharama ya meli igawanyike, ndio wamfundishao kijana mgeni namna ya kuzirekebisha valvu. Hata bima nafuu kwa magari ya kale hupatikana kwa njia ya vyama. Mtu mmoja na gari lake angelemewa mwaka wa kwanza. Watu ishirini wenye magari ishirini hudumu miaka arobaini.

Ziko hatari mbili ambazo hatupendi kuzificha. Ya kwanza ni ya mtu anunuaye kwa mkopo ili aonekane. Huyu hajui kufungua hata kichujio cha mafuta. Gari lamwendesha yeye kutoka gereji moja hadi nyingine, na watoto wake ndio wanaolipa. Ya pili ni ya tajiri anunuaye ili gari lipande bei. Mwaka 2014 Plymouth Hemi Cuda ya wazi ya mwaka 1971 iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 3.5. Gari kama hilo hufungiwa ghalani, halipandwi, halichafuki, halina tofauti na hisa za benki. Hivyo kitu kilichoundwa na wafanyakazi, kikauzwa kwa wafanyakazi, chanyang'anywa polepole kwa nguvu ya bei. Twasema wazi kwamba kati ya tajiri huyo na mchomeleaji mwenye mafuta mikononi, mwenye gari wa kweli ni yule wa pili.

Wapo watakaosema kwamba magari haya yanachafua hewa, nao wasema kweli. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa. Hesabu msomaji zile lita 40 za Jumapili. Kwa hiyo hatuwezi kumsifu mtu anayetaka kwenda nalo kazini kila siku. Lakini gari linalotoka mara chache katika majira ya joto ni jambo jingine. Ngoma ya sherehe si chakula cha kila siku, na anayelijua hilo hana haja ya kuona haya.

Sisi hapa hatuna Charger barabarani. Tunayo magari ya Japani yaliyokwisha kutumika, yashukayo bandarini Dar es Salaam kila mwezi, na swali ni lilelile. Mfanyakazi mwenzetu anayekusanya fedha ili anunue gari, na ajiulize kabla ya kutia saini: Je, nimehesabu petroli, bima na vipuri, au nimehesabu bei peke yake? Je, najua kushika spana, au najua kushika usukani tu? Je, ninao wenzangu ambao twaweza kusaidiana nao, au nimo peke yangu nikitafuta kutazamwa? Akiwa na majibu, na anunue kwa heri. Akiwa hana, na aanze na spana. Gari litakuja nyuma yake.