Mshenga wa Chuma

Mvua ikinyesha Rosterman, nje kidogo ya mji wa Kakamega, udongo hung'ang'ania viatu. Hapa ndipo palipochimbwa dhahabu baada ya watu kuikimbilia mwaka 1931. Mgodi mkubwa ulifungwa mwaka 1952, lakini wenyeji hawakuacha: wanashuka mashimoni kwa sururu, wanaponda mawe, wanakamata chembe kwa zebaki, sumu inayowaingia mwilini. Udongo hutupwa kando. Wekundu wake ni kutu, yaani chuma kilichoshikana na oksijeni, na hicho kinachotupwa ndicho ninachotaka kukizungumzia.

Kinamhusu mkulima wa Malava au Lurambi, humu humu Kakamega, anayeijua bei ya mbolea kuliko bei ya dhahabu. Mwaka 2022 gunia la kilo 50 lilipita shilingi 6,000, na wengi walipanda mahindi bila kitu. Ajabu ni kwamba naitrojeni, roho ya mbolea hiyo, ni asilimia 78 ya hewa iliyo juu ya shamba lake. Shida ni kuwa atomu zake zimekumbatiana mbili mbili kwa vifungo vitatu, na haziachani kirahisi ili ziungane na haidrojeni kuwa amonia, msingi wa mbolea. Panahitajika kichocheo. Kichocheo ni mshenga: huwakutanisha wawili ambao wangekaa miaka bila kusemezana, kisha hurudi kwake vilevile alivyokuja, tayari kwa posa nyingine.

Mshenga wa kwanza kufaulu alikuwa ghali. Mwaka 1909 Fritz Haber, Mjerumani, alipata amonia kwa kutumia osmiamu, metali adimu kuliko dhahabu yenyewe. Kiwanda hakiwezi kusimama juu ya kitu kama hicho. Katika kampuni ya BASF, Alwin Mittasch na wenzake walifanya majaribio kwa maelfu, wakajaribu karibu kila metali, mpaka jiwe la chuma kutoka Gällivare, Sweden, likawashangaza. Siri ilikuwa katika uchafu wake: chembe chache za madini mengine zilikipa chuma nguvu. Kiwanda cha Oppau kilianza kazi mwaka 1913, na hadi leo sehemu kubwa ya amonia duniani hupitia mikononi mwa chuma.

Imebaki haidrojeni. Nyingi hutolewa kwenye gesi asilia, na kaboni huachwa hewani. Njia safi ni kupasua maji kwa umeme, na hapo suala la metali linarudi. Mitambo ya aina moja hutaka platini na iridiamu; iridiamu inayochimbwa duniani kwa mwaka mzima haifiki tani 10. Mitambo ya alkali huridhika na nikeli, ambayo uchimbaji wake hupita tani milioni 3 kwa mwaka. Mwaka 1987 mwanakemia Dennis Corrigan alionyesha jambo ninalolipenda sana: chuma kidogo kikiingia kwenye nikeli, hata kwa bahati mbaya kupitia maji ya alkali, oksijeni hutoka kwa urahisi zaidi. Uchafu tena!

Mbolea ya njia hii safi si ndoto. Huko Rjukan, Norway, umeme wa maporomoko ya maji ulizalisha haidrojeni ya mbolea tangu miaka ya 1920. Mwaka 2023 kampuni ya Talus Renewables ilileta Naivasha mtambo wa kutengeneza tani moja ya amonia kwa siku kwa umeme wa jua.

Udongo wa Rosterman hauwezi kumwagwa mtamboni ukafanya kazi. Chuma cha kichocheo huandaliwa kwa kipimo. Lakini jaribio la Corrigan linaweza kuonwa na wanafunzi wa kemia wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mjini Kakamega: kipande cha nikeli, maji ya alkali, umeme kidogo. Unadondosha tone la chumvi ya chuma, unaangalia. Mshale wa kipima umeme unapanda, na mapovu yanaanza kufukuzana kwenda juu.