Neno "bug": Kutoka Zimwi hadi Mdudu

Mwanafunzi afasiriye matini ya Kiingereza, akikutana na neno "bug", huandika "mdudu" na kuendelea na kazi yake. Mara nyingi hakosei. Hata hivyo neno hilo ni la kale kuliko maana hiyo, na asiyeijua historia yake ataweza kutia wadudu mahali ambapo mwandishi hakuwakusudia kamwe.

Katika Kiingereza cha mwisho wa Zama za Kati, "bugge" lilikuwa jina la zimwi, au la sanamu ya kutisha. Myles Coverdale, katika Biblia aliyoichapisha mwaka 1535, alilitumia kwa vitisho vya usiku vitajwavyo katika Zaburi ya 91. Wasomaji wa baadaye, waliolijua kwa maana ya kunguni tu, waliicheka tafsiri yake. Walimwonea bure, kwani maana ya mdudu haikuzoeleka katika maandishi ila katika karne ya 17. Shakespeare naye, katika Hamlet, alikusudia mazimwi.

Zimwi liligeukaje mdudu? Wengine husema kwamba kunguni, aumaye gizani, alistahili jina la kitisho cha usiku. Maelezo hayo yanapendeza mno, nami kwa sababu hiyo nayashuku. Wengine hudhani kwamba neno lilichanganyika na "budda", jina la kale la mbawakawa. Vyovyote iwavyo, Uingereza ililitumia hasa kwa kunguni, Marekani kwa mdudu yeyote. Wanazuolojia hulihifadhi kwa jamii ya wadudu wenye mdomo wa kuchoma na kufyonza, kama kunguni, nyenje na vidukari.

Kuhusu mitambo, husimuliwa kwamba neno lilizaliwa tarehe 9 Septemba 1947, nondo alipokutwa ndani ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Harvard. Sivyo. Thomas Edison alikwisha kulitumia kwa kasoro za uvumbuzi wake katika barua ya mwaka 1878. Mafundi wa Harvard walimbandika nondo daftarini kwa mzaha, wakiandika kwamba safari hii mdudu halisi amepatikana. Mzaha huo usingeeleweka kama maana ya kasoro isingekuwapo tayari.

Wafaransa waliliita kosa hilo la programu "bogue", neno ambalo kwao lilikuwa tayari jina la ganda lenye miiba la tunda. Kwa Kiswahili, katika matini ya kompyuta, "hitilafu" yatosha.