Je, Wajua? Ruta za jina moja zaweza kutofautiana ndani

Ruta ya Linksys WRT54G ilipoingia sokoni mwishoni mwa 2002, ilikuwa ikiendeshwa na Linux. Leseni ya Linux, GPL, humtaka anayesambaza programu hiyo atoe pia msimbo wake. Watumiaji wakaidai haki hiyo, na mwaka 2003 msimbo ukatolewa. Mwaka uliofuata ukazaliwa mradi wa OpenWrt, mfumo huria wa Linux kwa ajili ya ruta, ambao hadi leo umebeba herufi za ruta ile.

Kisha, mwaka 2005, likaja toleo la 5: Linux imeondolewa, hifadhi imepunguzwa kutoka megabaiti 4 hadi 2. Umbo lilelile, jina lilelile! Wapenzi wa Linux wakatengenezewa WRT54GL.

Ndiyo maana ukinunua ruta ya kuwekea OpenWrt, hasa iliyotumika, usiridhike na jina. Igeuze, soma namba ya toleo kwenye lebo, uilinganishe na orodha ya vifaa ya OpenWrt. Megabaiti 8 za hifadhi na 64 za RAM ni kiwango cha chini kabisa kwa mfumo huo. Tafuta 16 na 128 ukitaka kuongeza programu nyingine. Wi-Fi yenye chipu ya Broadcom ichunguze mara mbili, kwani viendeshi vyake vingi si huria.