Dohani Porini: Magofu ya Viwanda vya Sukari vya Morisi

Katika kisiwa cha Morisi, kilichoko mashariki ya Madagaska, dohani ndefu za mawe zimesimama ndani ya mashamba ya miwa na vichaka, na baadhi yake zimeota miti ya jamii ya mkuyu ambayo mizizi yake imepenya katika maungio ya mawe hata ikawa vigumu kuutenga mti na ukuta. Dohani, yaani mnara wa kutolea moshi wa tanuri, ndiyo sehemu inayokawia zaidi kuanguka katika kiwanda cha sukari kilichoachwa, kwa kuwa mitambo ya chuma huuzwa au kuhamishwa, mbao za paa huoza, na mawe ya kuta huchukuliwa kujengea kwingine, ilhali kuubomoa mnara ni kazi ya hatari isiyo na faida kubwa.

Wingi wa magofu hayo hustaajabisha, maana kisiwa chenyewe hakiizidi sana Unguja kwa ukubwa, lakini katikati ya karne ya 19 kilikuwa na viwanda zaidi ya 200. Sababu imo katika muwa wenyewe: ukishakatwa, utamu wake huanza kupungua, hivyo hauna budi kukamuliwa mapema, na katika zama za mikokoteni ya ng'ombe kila shamba kubwa lilihitaji kinu chake karibu. Kilimo hicho kilipanuka kwa kasi baada ya mwaka 1825, Uingereza ilipoiondolea sukari ya Morisi ushuru uliokuwa ukiifanya iwe ghali kuliko ile ya visiwa vya Karibi. Baadaye reli, iliyoanza kufanya kazi kisiwani mwaka 1864, ikawezesha kusafirisha miwa mbali zaidi, na bei ilipoporomoka kwa ushindani wa sukari ya viazisukari vya Ulaya, viwanda vidogo vilimezwa na vikubwa.

Anayeingia kichakani akijua mpangilio wa kiwanda huweza kuyasoma mabaki kwa utaratibu. Mfereji uliojengwa kwa mawe huonyesha kwamba kinu kiliendeshwa kwa nguvu ya maji kabla ya mvuke, au pamoja nao, na msingi mnene ndio uliobeba rola, yaani mitungi mizito ya chuma iliyosaga miwa na kutoa maji yake. Maji hayo yalipelekwa kwenye nyumba ya kuchemshia, ambamo vyungu vikubwa vya chuma vilipangwa kwa safu juu ya njia moja ya moto, na rojo likateremshwa kutoka chungu hadi chungu likizidi kuwa zito, hadi likafikia kuganda na kutengana chenga za sukari na shira. Moto ulichochewa kwa makapi ya miwa yaliyokaushwa, na moshi wake ukaishia dohanini. Penye tanuri la chokaa, msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atatambua kazi anayoifahamu, kwa sababu chokaa ya matumbawe ilitumika katika ujenzi, na chokaa pia ilitiwa katika maji ya miwa ili kuyasafisha.

Uhusiano na pwani hiyo, hata hivyo, una upande mchungu zaidi. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, na watu waliotoka Kilwa na Msumbiji, pamoja na wale wa Madagaska, ndio waliofyeka na kulima ardhi ya Morisi. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1835, nafasi yao mashambani ilichukuliwa na Wahindi walioletwa kwa mikataba ya kazi, ambao idadi yao ilikaribia nusu milioni hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Makazi yao, yaliyoitwa kambi, mara nyingi yalikuwa ya miti na nyasi, na hayakuacha alama kubwa, kiasi kwamba gofu la kiwanda humkumbuka mwenye shamba kuliko aliyelima.

Ndiyo maana Bras d'Eau, hifadhi ya taifa iliyoko kaskazini-mashariki mwa kisiwa, ina thamani ya pekee. Shamba hilo la zamani liligeuzwa kuwa msitu wa kupandwa, na chini ya miti hiyo wanaakiolojia wamechunguza, pamoja na mabaki ya kiwanda, kuta fupi za mawe meusi ya volkano zilizokuwa nyumba za wafanyakazi. Uchunguzi wa namna hiyo unastahili kufanywa upesi katika mashamba mengine, kwani ardhi ya miwa inaendelea kukatwa viwanja vya majumba, na wajenzi huweza kuiacha dohani iwe pambo la mtaa mpya huku ardhi ya kambi, isiyo na cha kuonyesha juu yake, ikisawazishwa kwa tingatinga kabla ya mtu yeyote kuipima.