Kutoka Kota hadi Urithi: Istilahi za Makazi ya Wafanyakazi wa Viwanda

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wafasiri wetu ni yale yahusuyo nyumba zilizojengwa kwa ajili ya viwanda ambavyo sasa vimekwisha kufungwa. Mara huandikwa "kota chakavu", mara "nyumba za zamani", mara "majengo ya kihistoria", kana kwamba yote ni mamoja. Si mamoja hata kidogo. Katika barua ya serikali neno "chakavu" huita tingatinga, na neno "urithi" huita fundi. Madhumuni ya makala haya ni kueleza dhana tatu na kupendekeza istilahi zake.

Tuanze na mfano. Mnamo mwaka 1853 Titus Salt, tajiri wa sufu wa Bradford, Uingereza, alifungua kiwanda kikubwa kando ya mto Aire, nje ya mji huo. Karibu nacho alijenga kijiji kilichoitwa Saltaire, jina lililounganisha lake na la mto. Hadi 1876 zilikuwa zimejengwa nyumba za mawe zaidi ya 800, pamoja na kanisa, shule, hospitali, nyumba ya kufulia na nyumba za wazee. Wasimamizi walipewa nyumba kubwa, wafanyakazi wa kawaida ndogo. Kiwanda kilifungwa mwaka 1986. Mwaka uliofuata kikanunuliwa na Jonathan Silver, na leo mna maonyesho ya picha, maduka na ofisi. Mwaka 2001 UNESCO ililiingiza jina la Saltaire katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Msomaji aangalie kwamba kilichoingizwa ni kijiji kizima, wala si kiwanda peke yake.

Kwingineko mambo yalikwenda vingine. Huko Mumbai, India, mgomo wa wafanyakazi wa viwanda vya nguo ulioanza Januari 1982 ulifuatiwa na kufungwa kwa viwanda vingi. Ardhi yake kubwa ikajengwa maduka na maghorofa ya ofisi, na majengo ya vyumba vya kupanga walimokaa wafanyakazi hao yakawa mali inayotamaniwa na wajenzi.

Sasa tuzitazame istilahi zenyewe.

(a) Makazi ya wafanyakazi. Wasemaji wa Kiswahili wana maneno yao. Wengi husema "kota", neno lililotoholewa kutoka Kiingereza. Na Nairobi, safu za vyumba vya wafanyakazi wa reli, kama zile za Muthurwa, huitwa "landhi". Maneno haya yangali hai, na hatuna sababu ya kuyafukuza. Hata hivyo, kota yaweza kuwa ya polisi au ya walimu, na landhi ni aina moja tu ya jengo. Kwa dhana pana tunapendekeza "makazi ya wafanyakazi". Nyumba ni kuta na paa. Makazi ni pamoja na shule, bomba la maji na uwanja wa mpira.

(b) Urithi wa viwanda. Istilahi hii isichanganywe na "mirathi". Mwenye kiwanda akifariki, kiwanda chake ni mirathi ya wanawe. Urithi wa viwanda ni wa jamii nzima. Hati ya Nizhny Tagil, iliyopitishwa nchini Urusi mwaka 2003 na Kamati ya Kimataifa ya Kuhifadhi Urithi wa Viwanda inataja mitambo, karakana, migodi na maghala, na pia mahali pa makazi, ibada na elimu vilivyohusiana na viwanda. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "mitambo ya kale" amepunguza maana na kuwaacha watu nje.

(c) Kuhifadhi, kukarabati, kugeuza matumizi, kujenga upya. Kuhifadhi ni kulinda kitu pamoja na thamani yake. Kukarabati ni kutengeneza kilichoharibika. Kugeuza matumizi ni kuliacha jengo lisimame huku likipewa kazi mpya, kama kile kiwanda cha Saltaire. Kujenga upya ni kubomoa kwanza. Hapa kosa la mfasiri lina gharama. Tuchukue sentensi hii: "Nyumba za wafanyakazi zitakarabatiwa." Ikiwa waraka wa asili ulikusudia kubomoa, mpangaji atasoma, atatulia, wala hatapeleka pingamizi lake kabla ya muda kwisha.

Jambo la mwisho ni kwamba katika Kiswahili hapana urithi pasipo mrithi. Mara nyingi mfanyakazi alikaa katika nyumba ya mwajiri, na kazi ilipokwisha, haki ya kukaa nayo ikawa mashakani. Afisa anayeandika "urithi wa viwanda" hana budi kueleza pia ni nani anayerithi.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali watuletee maoni yao juu ya mapendekezo haya, pamoja na majina ambayo makazi ya namna hii huitwa katika sehemu zao, kabla istilahi hizi hazijasanifiwa.