Kuzidisha Mapigo ya Tarakilishi Kuukuu: Faida, Mipaka na Tahadhari

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kipya kinyemi ingawa kidonda. Hata hivyo, si kila mtu aliye na uwezo wa kukinunua hicho kipya. Katika mji wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, kama ilivyo katika miji mingine mingi ya Afrika Mashariki, tarakilishi ya mezani ya mtumba, iliyokwisha kutumika kwa miaka kadhaa katika ofisi za ng'ambo, imewafungulia wengi mlango wa teknolojia. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilijitwika jukumu la kukarabati tarakilishi za aina hiyo na kuzisambaza shuleni. Mwaka huohuo wa 2002 ndipo chuo cha WECO mjini Kakamega kilipofanywa kuwa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro. Mwanafunzi anayeandika tasnifu yake kwa chombo kuukuu hukabiliwa na swali moja: je, yawezekana kukifanya kiende kasi zaidi bila ya kutoa hata senti moja?

Jibu la mkato ni kwamba yawezekana. Njia yenyewe ni kuzidisha mapigo ya kichakataji, yaani prosesa, kwa kubadilisha mipangilio iliyomo katika BIOS. Ila jibu hilo la mkato limewaponza wengi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kasi hiyo haishuki kutoka mbinguni. Hutolewa katika akiba ya usalama iliyoachwa na mtengenezaji, na katika mazingira kama ya Kakamega sehemu ya akiba hiyo huwa imekwisha kuliwa kabla mtumiaji hajagusa chochote.

Maana ya mapigo

Ndani ya bodi mama mna kipande kidogo cha fuwele kinachotetema kwa kasi isiyobadilika. Mtetemo huo ndio chanzo cha mapigo yanayoongoza kazi zote za tarakilishi. Anayetaka kulielewa jambo hili na aitazame ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega. Wachezaji wote huenda kwa mdundo mmoja. Mdundo ukiharakishwa kiasi, mchezo hunoga. Ukiharakishwa kupita uwezo wa miguu, wachezaji hupotezana hatua. Kichakataji nacho ni hivyo hivyo. Katika kila pigo, mamilioni ya swichi ndogo mno hutakiwa ziwe zimemaliza kazi yake kabla ya pigo linalofuata. Zisipowahi, jibu linalopatikana huwa si sahihi.

Kasi ya kichakataji hupatikana kwa kuzidisha nambari mbili: mapigo ya msingi ya bodi mama na kizidishi kilichomo ndani ya kichakataji chenyewe. Kichakataji cha Intel Core 2 Duo E6300, kilichotolewa mwaka 2006, kina mapigo ya msingi ya megahezi 266 na kizidishi cha 7. Zao lake ni takriban gigahezi 1.86. Katika vichakataji vingi vya Intel vya miaka hiyo kizidishi kilifungwa kiwandani kisiweze kupandishwa. Kwa hiyo mtumiaji alibakiwa na njia moja tu, nayo ni kupandisha mapigo ya msingi. Yakitoka 266 hadi 333, kichakataji kilekile hufikia gigahezi 2.33, yaani ongezeko la asilimia 25.

Lugha ya BIOS haina budi kutajwa hapa. BIOS ni programu ndogo iliyohifadhiwa katika bodi mama, nayo huamka kabla ya programu nyingine zote. Ingawa mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizovaa Kiswahili, BIOS za tarakilishi hizi zilibaki kuzungumza Kiingereza cha kifundi. Mtumiaji anayebonyeza asichokielewa ni sawa na anayetia sahihi mkataba asioujua. Akishika dhana nne, yaani mapigo ya msingi, kizidishi, volteji na halijoto, atakuwa ameshika kiini cha jambo lote.

Akiba hutoka wapi?

Msomaji huenda akauliza: ikiwa kichakataji kina uwezo wa kwenda kasi zaidi, mbona kiwanda kikakiuza kwa kasi ya chini? Sababu ni mbili. Kwanza, mtengenezaji huacha nafasi ya usalama ili chombo kifanye kazi bila ya hitilafu kwa miaka mingi, penye joto na penye baridi. Pili, vichakataji vya aina moja hukatwa kutoka katika kisahani kimoja cha silikoni, kisha hupimwa na kupangwa kwa madaraja. Soko likihitaji zaidi vile vya bei nafuu, hata vilivyo bora huweza kupewa daraja la chini.

Mfano uliovuma duniani ni Celeron 300A, iliyotolewa na Intel mwaka 1998. Ilikuwa na mapigo ya msingi ya megahezi 66 na kizidishi cha 4.5, hivyo ikaenda megahezi 300. Watumiaji wengi waligundua kwamba mapigo ya msingi yakiwekwa 100, kichakataji hicho cha bei nafuu huenda megahezi 450 bila ya taabu, kikakaribiana na vile vilivyouzwa kwa bei ya juu sana. Lakini waliojaribu mapigo ya 83 katika baadhi ya bodi mama za wakati huo walikumbana na jambo la ajabu. Njia ya PCI, iliyotakiwa kwenda megahezi 33, ilipanda pia hadi zaidi ya 41, na diski zikaanza kuharibu data. Kumbe mdundo mmoja huwachezesha wengi, na anayelegea wa kwanza si lazima awe kichakataji.

Joto na mazingira ya Kakamega

Umeme unaotumiwa na kichakataji hukua sawia na mapigo, na hukua kwa mraba wa volteji. Tuseme kichakataji kinatumia wati 50. Mapigo yakiongezwa kwa asilimia 25 bila ya kugusa volteji, matumizi hufika takriban wati 62. Ikiwa aidha volteji itapandishwa kutoka 1.30 hadi 1.40 ili kukituliza, matumizi hufika takriban wati 72. Wati hizo zote hugeuka joto, na joto hilo sharti liondolewe na feni.

Hapa ndipo jiografia inapoingia. Kakamega iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mwinuko huo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 14 au 15, na feni inayozunguka kwa kasi ileile husukuma hewa pungufu kwa uzito. Ubaridi wa mji hufidia sehemu ya upungufu huo, lakini vumbi la barabara za muramu huurudisha. Chombo cha miaka mingi huwa na zulia la vumbi katika mapezi ya metali yanayopoza kichakataji, na ile pesti ya kupitisha joto iliyopakwa kiwandani huwa imekauka ikawa kama chokaa. Fauka ya hayo, Kakamega ni eneo la mvua nyingi na ngurumo za mara kwa mara, na radi huandamana na umeme unaopandapanda na kukatika. Kisanduku cha kugawia umeme kilichozeeka, kikidaiwa wati zaidi katika hali hiyo, huweza kuwa cha kwanza kusalimu amri.

Utaratibu wa kufuata

Kwa hiyo hatua ya kwanza haimo katika BIOS. Ni kuzima tarakilishi, kuchomoa waya, kupuliza vumbi na kupaka pesti mpya. Vichakataji vingi hujipunguzia kasi vyenyewe vinapozidiwa na joto. Mara nyingine usafi pekee hurudisha kasi iliyodhaniwa kuwa imepotea.

Hatua ya pili ni kutambua iwapo bodi mama inaruhusu. Tarakilishi za ofisi kama Dell OptiPlex na HP Compaq, ambazo ni nyingi miongoni mwa mitumba, kwa kawaida hazina mipangilio ya mapigo katika BIOS zake. Kuingia humo hufanywa kwa kubonyeza F2 katika Dell na F10 katika HP mara tu chombo kinapowashwa. Bodi nyingi nyinginezo hutumia kitufe cha Delete. Pasipo na sehemu ya mapigo na volteji, safari hukomea hapo. Si busara kusasisha BIOS kwa matumaini ya kuipata, maana umeme ukikatika katikati ya kusasisha, bodi mama huweza isiwake tena.

Panapo ruhusa, hatua ya tatu ni kunakili data zote muhimu nje ya chombo, na kuandika karatasini mipangilio ya awali. Kisha mapigo ya msingi hupandishwa kidogokidogo, megahezi 5 hadi 10 kwa mara moja, volteji ikiachwa ilivyo. Kumbukumbu nayo hupanda pamoja na mapigo hayo, hivyo uwiano wake sharti uteremshwe ili isizidiwe. Na njia ya PCI ifungwe kwenye 33 ikiwa bodi inaruhusu. Baada ya kila hatua, kumbukumbu hupimwa kwa Memtest86+ na kichakataji kwa Prime95 kwa saa kadhaa, huku halijoto ikitazamwa. Ikikaribia digrii 70 za Selsiasi, ni heri kurudi nyuma. Tarakilishi ikikataa kuwaka, mipangilio hufutwa kwa kuondoa kwa muda betri ndogo ya bodi mama, au kwa kuhamisha kile kibanio kilichowekwa kwa kazi hiyo.

Hatari iliyojificha

Wengi hudhani kwamba mapigo yakizidi, tarakilishi itakwama na mwenyewe atajua. Laiti ingekuwa hivyo daima! Kosa la hatari zaidi ni lile lisilopiga kelele. Biti moja hugeuka katika kumbukumbu, faili huhifadhiwa ikiwa imeharibika, na mwanafunzi huendelea kuandika. Siku ya kuwasilisha tasnifu, sura ya tatu haifunguki, na nakala aliyoiweka wiki iliyopita nayo ina ugonjwa uleule. Jedwali la takwimu nalo huweza kutoa jumla isiyo sahihi bila ya onyo lolote. Chombo kinachokosea kimyakimya ni kibaya kuliko chombo kinachochelewa.

Isitoshe, faida yenyewe hupimwa kwa kazi. Chukua kazi inayodumu sekunde 100, ambapo 40 kati yake ni za kungojea diski. Kuzidisha mapigo kwa asilimia 25 hupunguza zile 60 zilizobaki hadi 48. Jumla huwa 88. Mtu aliyetarajia robo nzima amepata sekunde 12. Kuongeza kumbukumbu, au kubadilisha diski ya kuzunguka kwa ile ya SSD, huweza kuleta nafuu kubwa zaidi katika kazi za kawaida za kuandika na kusoma, wala hakugusi akiba ya usalama.

Hitimisho

Kuzidisha mapigo si uchawi wala si dhambi. Ni elimu inayomfundisha mtumiaji jinsi kasi, volteji na joto vinavyofungamana, na kwa chombo cha kufanyia majaribio ni mazoezi mema kwa mwanafunzi wa sayansi. Lakini kwa chombo kilicho peke yake nyumbani, kinachobeba kazi ya miaka minne, mpangilio wa busara ni usafi kwanza, kumbukumbu na diski pili, mapigo mwisho; na kabla ya yote, nakala ya data iliyowekwa kwingine. Mwenda pole hajikwai, na tasnifu iliyochelewa dakika chache kuchapwa bado ni tasnifu.